Mapazia ya Sebuleni

Mapazia yale niliyashona mwenyewe. Ni ya kijani, yana maua makubwa ya rangi ya chungwa, na pindo la upande wa kushoto limepanda juu kidogo kwa sababu nilikuwa mjamzito na kuinama kulikuwa kazi. Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo pindo lile liliniudhi kila nilipoliona. Mume wangu ndiye aliyenizuia nisilifumue. Alisema linamchekesha.

Binti yetu alipoanza kutembea, baba yake aliacha kazi kwenye duka la kuchapisha mabango akawa anajifundisha kutengeneza tovuti. Alikaa sebuleni kutwa na laptopu, macho mekundu, na wifi yangu akija kutusalimia aliuliza kama kaka yake siku hizi ameajiriwa na kochi. Nilimtetea. Nilishona hadi vidole vikaota sugu ili bando lisikatike. Wateja wa kwanza walipopatikana, watu wa nchi za mbali, aliifagia sebule, akaipiga picha, akaiweka iwe inatokea nyuma yake akiongea nao kwa video. Hakutaka waone nguo kwenye kamba, wala binti yetu Chiriku, tuliyemwita hivyo kwa wingi wa maneno yake, akikatiza uchi na kopo kichwani. Alisema mteja akiona kochi na mapazia anajua huyu ni mtu mwenye kwake, hawezi kutoroka na kazi yake. Tulicheka sana siku ile.

Kazi ikashika kasi. Akaanza kunisimulia habari za watu wa kazi kama yake wanaohamahama, mwezi huu mji huu, mwezi ujao kwingine, mradi tu pana intaneti. Atatangulia yeye, akizoea atatuita, na Chiriku ataiona dunia kabla hajaanza shule. Begi lake la mgongoni nililipanga mimi. Sikuwa mjinga, nilikuwa nampenda.

Huko alikokwenda alipiga simu ya video kila jioni, na nyuma yake ilikuwa ile picha ya sebule yetu. Mwanzoni nilifurahi, nikasema mume wangu kaondoka na nyumba yake. Lakini Chiriku alikuwa mdogo. Tulikuwa jikoni, akamwona baba yake kwenye simu amekaa sebuleni, akanitupia simu mapajani na kukimbia kumfuata. Alichungulia nyuma ya kochi, akafunua pazia, akarudi kuniuliza baba amejificha wapi. Baba yake alicheka mpaka machozi yakamtoka, nami nikacheka. Kesho yake mtoto akakimbia tena, na keshokutwa. Hapo sikucheka.

Nikamwomba aitoe ile picha mtoto aone baba yake alipo. Akakubali, lakini hakuitoa. Mara chumba alichopanga ni cha hovyo, mara mwanga mbaya, mara amesahau. Alikuwa ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi nikajiongezea ya kwangu, maana sikugusa kitu sebuleni. Wifi aliniletea kitambaa kizuri akanisihi nishone mapazia mapya, haya yamepauka mpaka maua yanataka kutafutwa. Nikatia pamba masikioni. Nilitaka akirudi aikute sebule yake vilevile. Fundi mzima, wateja wangu wanaingia na kutazama matambara dirishani.

Habari za kutuita akaacha kuzigusa. Chiriku naye akaacha kufunua pazia. Akiulizwa baba yake yuko wapi, alijibu yuko sebuleni, ile nyingine.

Mwaka huu akatuambia anakuja. Nilifua mapazia, nikayapiga pasi, nikayarudisha. Alifika amekonda, amemletea mtoto viatu vya kumtosha mtoto aliyemwacha, si huyu. Akasimama mlangoni akatazama dirisha.

"Kumbe bado yapo," alisema.

Nilisubiri alione pindo. Hakuliona. Nilikuwa nasubiri jambo moja tu, anabaki au anatuchukua, akaniambia tutaongea.

Asubuhi mteja akamtaka kwenye video. Alikaa kwenye kochi, mapazia mgongoni kwake, laptopu juu ya stuli. Nikapita na kikombe chake cha chai, nikaona kioo cha laptopu. Mapazia ya mle ndani yalikuwa mapya, rangi ya chungwa imewaka. Mtu amekaa sebuleni kwake, na ametundika nyuma yake picha ya sebule yake.

Chiriku alikuwa amesimama nyuma ya kochi. Alitaka kujiona na baba yake, akapunga mkono. Kwenye kioo hakutokea. Akaruka. Vidole vikaonekana karibu na sikio la baba yake, kisha maua yakavifunika. Akapunga mikono yote miwili, akangoja, akanigeukia.

"Mama, mbona mimi sipo?"

Baba yake akamwambia kwa upole aende akacheze, baba yuko kazini.

Mazungumzo yalipokwisha nikamuuliza, "Si uko hapa? Picha ya nini?"

"Nimezoea," alisema. "Wateja wanaijua ile."

"Na sisi utatuita lini?"

Akaanza kukunja waya wa laptopu. Aliukunja taratibu sana, hanitazami.

"Maisha ya kule ni ya mtu mmoja, mama Chiriku. Sitaki kuendelea kukudanganya."

Moyo wangu ulivunjika. Ningekuwa na neno la kifundi ningelitumia, lakini ndivyo ilivyokuwa, ulivunjika pale nimeshika kikombe cha chai ya mtu.

Wiki haikuisha akaondoka. Nilipanda juu ya stuli nikayashusha mapazia, Chiriku ameshika ncha ili yasiburuzike sakafuni. Lile pindo nililitazama mara ya mwisho, nikayakunja yote nikayatia kwenye mfuko wa vitambaa vya kufutia mafuta ya cherehani. Dirisha likabaki wazi, sebule ikawa kama ya watu wengine.

Jioni simu ikaita. Baba mtu alikuwa ametabasamu, kijani na maua nyuma yake. Chiriku alimtazama, akalitazama dirisha letu, akairudia simu. Safari hii hakukimbia kokote. Alisogea sikioni kwangu, akaninong'oneza kama tunavyonong'ona tukiwa wageni nyumbani kwa watu.

"Mama, hapo alipo baba ni kwa nani?"

Nikamwambia ni kwake.