Dakika Mbili za Roushanara

Roushanara alimdanganya shoga yake. Asubuhi ile, kwenye chumba cha mashine za kufulia chini ya jengo lao kule Woodside, alimwambia Noreen kuwa jioni anakwenda kung'olewa jino.

"Pole, shoga," Noreen akajibu. "Na mimi jioni napimwa macho."

Basi mgonjwa wa jino na mgonjwa wa macho wakakutana uso kwa uso kwenye mlango wa ukumbi wa kamati ya mtaa, Manhattan, askari akiwapekua, waandishi wa habari wamejaa.

"Daktari wako hodari," Noreen akasema. "Anang'oa meno mbele ya kamera."

"Na wako anakupima kwa picha?"

Ulimi hauna mfupa. Roushanara alitamani kuyameza maneno yake, maana picha aliyoikumbatia Noreen ilikuwa ya Declan, mwanawe wa pekee, mzimamoto. Aliingia kwenye minara pacha siku ile ndege zilipoiangusha, na miaka tisa baadaye hakijapatikana hata kipande cha kuzika. Pale ndipo kaburi lake. Na mitaa miwili tu kutoka pale, Waislamu walitaka kuligeuza duka la makoti lililofungwa, ambamo tayari waliswali Ijumaa, liwe kituo chao: pa kuswali, bwawa la kuogelea, hata darasa la mapishi. Mji mzima ulikuwa umepandisha mori.

Noreen akatangulia ndani, akashika viti viwili. Aliondoa koti lake juu ya kiti cha pili. "Kaa. Usisimame kama mlingoti."

Roushanara akakaa. Mkononi alikuwa na karatasi aliyoandikiwa na binti yake, Tahmina. Mstari wa tatu ulisema: "Jirani yangu wa miaka kumi na tisa ni mama yake Declan Geraghty, shujaa wetu."

"Huo ndio utakaowalainisha, Mama," Tahmina alimwambia. "Usiuruke!"

Lakini Tahmina hakuwepo siku mwanasiasa mmoja alipolitaja jina la Declan kwenye kampeni. Noreen alikuwa anakunja mashuka. "Atakayempandisha mwanangu jukwaani simjui tena," alisema. "Hata awe Papa wa Roma."

Mwenyekiti, mama mwenye sauti iliyokauka, alikuwa akiita majina: mmoja anayekubali, mmoja anayepinga, dakika mbili kila mtu, makofi marufuku. Watu walipiga makofi na kuzomea vilevile. Kila jina lilipoitwa, Roushanara alishtuka kama amefinywa.

"Bi Ro... Roshana... Talukder! Anakubali."

Akahisi Noreen amekauka pembeni yake.

"Rudi kwenu!" mtu akapiga kelele alipofika kwenye kipaza sauti. Roushanara akafikiri, kwetu ni kituo cha treni cha Woodside, na nitarudi tu, niache nimalize.

Akasoma mstari wa kwanza. Akasoma wa pili. Alipofika wa tatu akainua macho. Tahmina, nyuma kule, alikuwa anampungia mikono: endelea, endelea! Noreen alikuwa ameigeuza picha, uso wa Declan ukaelekea kifuani kwake, kama anayemziba mtoto masikio.

Roushanara akaikunja karatasi.

"Mimi naswali pale kila Ijumaa," akasema. "Sakafu ni ya duka, ngumu. Magoti yangu yamezeeka. Nataka zulia. Basi."

Wengine wakacheka, wengine wakazomea.

"Mama, bado una dakika nzima," mwenyekiti akamwambia.

"Kaa nayo."

Akarudi kwenye kiti chake. Tahmina alikuwa ameshika kichwa. Noreen akanyoosha mkono. "Lete hiyo karatasi."

Akaisoma taratibu. Mstari wa tatu akaurudia. Roushanara aliona midomo yake ikicheza.

"Binti yako ndiye aliyeandika?"

"Ndiye."

"Ana mwandiko mzuri." Akamrudishia. "Nitakwenda kusema hapana, unajua."

"Najua."

"Na nitasema kwa nguvu."

"Hujawahi kusema kitu polepole, shoga."

"Bi Noreen Geraghty! Anapinga."

Noreen akainuka na picha yake. Akapiga hatua moja, akasita, akageuka na kumbwagia Roushanara mkoba wake mapajani.

"Shika. Humu wamejaa wezi."

Bwana aliyekaa kulia, mwenye bango la kupinga, akamwinamia Roushanara kwa mshangao. "Mama, wewe si wa upande ule?"

"Nyamaza," Roushanara akasema, ameukumbatia mkoba. "Anaongea."