Sanamu Halina Mke

Darasani walifundishwa kusema kila kitu kwa sauti. Mtahini hawezi kujua kidole chako kimehisi nini kwenye shingo ya sanamu la mazoezi, kwa hiyo usiposema hujafanya, na usipofanya umefeli. Basi wanafunzi wa huduma ya dharura wakawa watu wa kusema peke yao mchana kweupe: eneo ni salama, nimevaa glavu, mgonjwa haitiki. Binti mmoja aliwapita wote. Alitaja hatua zake bila kuruka hata moja, kwa sauti ya msomaji wa taarifa ya habari, hadi walimu wakawa wanamwita mbele awaonyeshe wenzake. Katika sifa zote walizommwagia, hakuna mwalimu aliyekumbuka kumwambia kwamba sanamu halina mke.

Alipopelekwa kwenye kituo cha magari ya wagonjwa kwa mafunzo yake ya kwanza ya vitendo, dereva aliitazama sare iliyompwaya mabegani akampachika jina la Kifaranga. Msimamizi wake alikuwa mama mtu mzima aliyebobea kwenye kazi, ambaye kituo kizima kilimwita Mama Taratibu kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, hata kwenye ajali. Yeye ndiye angeamua kama binti anaifaa kazi hii au akatafute nyingine. Kwa hiyo Kifaranga aliishi roho mkononi, akiogopa kukosea mbele yake.

Siku za mwanzo zilikuwa za mambo madogo. Kijana aliyeteguka mguu uwanjani alitangaziwa hali yake mpaka wachezaji wa timu pinzani wakaijua.

"Huyu tukimpa kipaza sauti, atagombea ubunge," dereva alisema.

Mama Taratibu hakucheka. Alikuwa ameanza kumwambia binti apunguze sauti, lakini redio ya gari ikaita, na maneno yakaishia hapo.

Asubuhi moja wakaitwa kwa fundi cherehani aliyeanguka kwenye chumba chake cha kazi, uani mwa nyumba yake. Walimkuta chali kati ya cherehani na meza ya kukatia, futi ya kupimia bado iko shingoni, vipande vya kitambaa vimetapakaa sakafuni. Mkewe alikuwa amepiga magoti, amemshika mkono.

"Alikuwa anatunga uzi tu," alisema. "Hata kulalamika hajalalamika."

Dereva akasukuma meza kando. Mama Taratibu akachuchumaa kufungua mashine ya kushtua moyo, akamwambia binti, "Mwangalie."

Kifaranga akainamisha sikio karibu na mdomo wa mzee, akaweka vidole shingoni, akasubiri. Kisha sauti ya darasani ikatoka yenyewe, safi, ikajaa chumba kizima.

"Mgonjwa haitiki. Hapumui. Mapigo ya moyo hakuna."

Mke wa fundi akauachia mkono wa mumewe. Akainuka, akatoka. Mama Taratibu aliinua macho mara moja tu.

"Kandamiza kifua," alisema.

Wakafanya kazi. Mbavu za mtu si plastiki. Kifaranga alizisikia zikilia chini ya viganja vyake, akatamani kuacha, hakuacha. Alipochoka, dereva akampokea, na siku hiyo hakuwa na mzaha hata mmoja. Mashine ikapima, ikapima tena, ikasema hakuna cha kushtua. Mwishowe Mama Taratibu akampigia simu daktari wa zamu, akaeleza, akasikiliza.

"Basi," aliwaambia. "Tuache."

Akamfumba fundi macho, akamfunika shuka hadi kifuani, kisha akamgeukia binti.

"Nenda kamwambie mkewe."

"Mimi?"

"Wewe. Mimi nitakuwa nyuma yako."

"Lakini ameshasikia, mama. Nilisema mbele yake." Ndiyo kwanza alikuwa anajisikia alivyosema. Aibu ilimshika mpaka masikio yakawaka.

"Amesikia, ila hajaambiwa. Ulikuwa unaniambia mimi, na mimi nilikuwa nimeshaona. Nenda. Kaa chini kwanza, mtazame, umwambie amefariki. Usizungukezunguke."

Jikoni sufuria ilikuwa mekoni, moto umezimwa. Mke wa fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani. Kifaranga akavuta kiti, akakaa. Kabla hajaanza, mke wa fundi akawahi kusema.

"Wewe ni mwanafunzi, sivyo? Nimeona kwenye kitambulisho."

"Ndiyo, mama."

"Nilikusikia pale. Ulikuwa unasema kama mtoto aliyekariri somo." Akatabasamu kidogo, tabasamu la kuomba. "Nikajiambia, huyu bado anajifunza, na mtu anayejifunza hukosea. Ndiyo maana nikaja kukaa huku, nisiwasumbue, yule mkubwa amsahihishe. Sasa niambie, mwanangu. Ulikosea?"

Kifaranga aligeuka. Mama Taratibu alikuwa amesimama mlangoni, hakutikisa kichwa wala hakufungua mdomo. Binti akaelewa kwamba muda wote ule wakitokwa na jasho kule uani, mama huyu alikuwa hapa peke yake, ameutundika uhai wa mumewe kwenye ujinga wa mwanafunzi. Angepewa nafasi ya kufeli pale pale, kufeli na kufukuzwa, angeipokea kwa mikono miwili.

Akamtazama machoni. Ile sauti ya darasani haikuja. Ilikuja nyingine, ndogo, ambayo hata mwenyewe hakuwa ameizoea.

"Hapana, mama. Sikukosea. Baba amefariki."

Mama yule alimwangalia sana, akitafuta usoni mwake dalili yoyote ya mtu asiyejua kazi. Hakuiona, na ndipo alipolia.