Binti Yangu Hasomi

Kila mwaka ukikaribia kwisha, gazeti lilimwomba Bwana Kalamu aandike alivyouona mwaka wake: amesoma nini, ameandika nini, na nyumbani kukoje. Jina la Bwana Kalamu alipewa na mtaa, kwa kumsengenya. Naye alijua, ila alijifanya ni sifa.

"Na ya nyumbani usisahau, mzee," mhariri alimkumbusha kwa simu. "Wasomaji wanayapenda."

"Wasomaji!" alisonya alipokata simu. "Wangekuwepo wasomaji, ningekuwa naandikia stoo?"

Stoo kweli ilikuwa stoo. Meza yake ilibanwa kati ya friji bovu na rundo la nakala za riwaya yake, ambazo duka la vitabu lilizirudisha hata kamba hazijafunguliwa. Akaketi, akaanza na wenzake. Mshindi wa tuzo ya mwaka huo alimwita fundi wa kurefusha sentensi. Mshairi mmoja kijana, aliandika, ana haki ya kutunga kama sisi tulivyo na haki ya kulala. Kitabu cha kufundisha watu kufanikiwa alikipa mstari mmoja tu: aliyefanikiwa ni aliyekiuza. Vingi kati ya vitabu hivyo hakuvimaliza na kimoja hakukifungua kabisa, lakini nani angemuuliza? Kuhusu riwaya yake mpya alisema inaiva taratibu. Maskini, hata jikoni ilikuwa haijainjikwa.

Ikabaki ya nyumbani. Hapo roho ilimuuma kidogo. Mkewe alizuia mlango kwa riwaya zake usijibamize, na binti yao wa pekee, aliyekuwa akisomea uuguzi chuoni, hajawahi kumwambia neno juu ya kitabu chake hata kimoja. Bwana Kalamu alitamani jambo moja tu, ingawa angekufa kabla ya kulitamka: huyo binti amsome.

Akakumbuka kisa. Mwezi wa sita binti alirudi na begi lake, akasimama kwenye mlango wa stoo, akasema, "Baba, mimi sisomi tena." Baba mtu hata hakugeuka. Alimshushia mhadhara: kizazi cha simu, kizazi cha video, na gunia tupu halisimami. Mwishoni akampachika mikononi nakala tatu za riwaya yake. Binti akazipokea, akasema ahsante, akaenda zake. Tangu siku hiyo alikuwepo tu nyumbani. Likizo, alidhani baba. Vyuo vya siku hizi vinapenda likizo.

Kisa kilikuwa kitamu. Akakimwaga chote kwenye makala, na mhariri naye akakifanya kichwa cha habari: BINTI YANGU HASOMI.

Gazeti lilipotoka, akaenda kwa kinyozi makusudi ili asifiwe. Kinyozi alipomwona alizima mashine.

"Pole sana, mwandishi. Tumesoma hapa. Ameacha chuo lini?"

"Nani ameacha chuo?"

"Si binti yako? Umesema mwenyewe hasomi."

"Hasomi vitabu! Ninyi watu mnanyoa vichwa tu, vilivyomo ndani hamna habari navyo."

Mteja aliyekuwa kitini, povu limejaa kidevuni, akadakia. "Hata mimi nimeelewa hivyo hivyo. Mtoto anarudi na begi katikati ya muhula, anakwambia hasomi tena, halafu wewe unampa riwaya?"

Kicheko kikalipuka. Bwana Kalamu akatoka akiwalaani wote, wajinga wasiojua kusoma sentensi fupi. Alilaani mtaa wa kwanza mzima. Alipofika wa pili maneno yalianza kumwishia, maana swali moja lilikuwa linamwasha: likizo gani hii inayoanza mwezi wa sita na kugota mwaka mpya?

Nyumbani alimkuta mkewe anapiga pasi.

"Huyu mtoto ameacha chuo?"

"Leo ndiyo unauliza?" Hakuinua hata macho. "Alifeli. Wakamwambia aje na mzazi wazungumze, arudie mwaka. Akataka uende wewe, akasema baba anajua maneno. Akaja kukwambia, akatoka na vitabu vitatu. Nikasema niende mimi, akakataa. Nikataka kukueleza, akanikataza: baba atauliza mwenyewe. Sasa nafasi wameshampa mwingine."

Bwana Kalamu aliona aibu, aibu ya kweli. Akaenda sebuleni. Binti alikuwa amekaa, gazeti mapajani.

"Umeisoma?"

"Nimeisoma. Na wewe nimekusoma, baba."

"Mwanangu, kwa nini hukuniambia?"

Binti akamgeuzia baba yake gazeti, akaweka kidole kwenye mstari wenyewe.

"Nilikwambia. Si hapa umeandika mwenyewe, neno kwa neno?"