Mistari Ambayo Mashine Huiruka

Marehemu mume wangu alikuwa na kazi ya mshahara, kutengeneza simu, na kazi ya moyo, kompyuta. Enzi hizo, kabla mtandao haujaenea, wapenzi wa kompyuta walikuwa na ubao wao wa ujumbe. Mtu anapiga simu kwa kompyuta yake, inapokewa na kompyuta ya mwenzake, anasoma yaliyobandikwa, naye anabandika yake. Mume wangu ndiye aliyetunga programu ya kuandikia ujumbe huo. Programu aliigawa bure, ila msimbo wake, yaani yale maandishi ya ndani ambayo fundi mwingine angeweza kuyarekebisha, hakumpa mtu. Kila akiombwa alijibu, "Nikishausafisha nitautoa." Akafa hajausafisha.

Wale wa ubao bado wapo, wamezeeka nao, wanauchezea kama wengine wanavyocheza karata. Mwaka huu wakamtuma Waya kwangu. Waya ni rafiki wa marehemu tangu ujana, mwembamba kama hilo jina lake. Kwenye mazishi ndiye aliyesimama mbele, na tangu hapo, miaka sita sasa, bomba langu likivuja ni yeye.

"Shemeji," akasema, "programu inakata ujumbe mrefu, na bila msimbo hatuwezi kuitibu. Ruhusa ni yako."

"Ahadi ni deni, hata kwa aliye kaburini," nikamjibu. "Njoo Jumamosi."

Binti yangu akafungua diski za baba yake. Mimi shule niliishia ya msingi, sikutarajia kuambulia kitu. Nilikaa kando nikikunja nguo. Lakini katikati ya zile alama kama nyayo za kuku nikaona Kiswahili.

"Hayo ni maelezo, mama. Mstari ukianza na nukta-mkato, mashine inauruka. Baba alikuwa anajiandikia."

Nikavaa miwani, nikasoma kidole kikiwa juu ya kioo. *Hapa pabovu, usipaguse. Mama watoto kaniita kula mara ya tatu, naacha.* Tulicheka mpaka nguo zikaanguka. Tukafika kwenye sehemu inayopanga maneno yasikatike ukingoni. Hiyo ndiyo iliyompa sifa. Watu asiowajua walimwandikia kumpongeza, na barua zao alinisomea. Juu yake palikuwa pameandikwa: *Hii ni ya Waya. Niliichukua kwenye diski yake aliponiletea niitengeneze. Sijamwambia. Nitamwambia.*

Kicheko kikatuishia.

"Nafuta," binti akasema.

"Usiguse."

"Mama! Baba mdogo Waya atasoma, na wenzake wote watasoma. Utampoteza yeye na jina la baba siku moja. Na mashine wala haina habari na mstari huu."

"Kama mashine haina habari nao, baba yako alimwandikia nani?"

Na mimi nisijifanye shujaa: siku tatu nilisali, na kila nikiinuka kwenye sala moyo uliniambia, futa. Nikajiuliza nani atanitengenezea bomba. Niliona haya mbele ya Mungu kwamba mume wangu kaacha neno zito namna ile, nami nawaza bomba.

Jumamosi Waya alikuja na shati lililopigwa pasi, flashi imening'inia shingoni kama kitambulisho. Nikamwekea kiti mbele ya kompyuta.

"Shemeji, kabla hujauchukua, soma hapa."

Akasoma. Akarudia. Akavua miwani akaifuta, kana kwamba kosa ni la kioo.

"Nilipoiona kwenye programu yake," akasema taratibu, "nilidhani tumewaza jambo moja. Hutokea. Nikasema mwenzangu kaniwahi, ndiye mwenye akili. Tangu siku ile sikutunga tena kitu."

Binti yangu akajitutumua. "Baba mdogo, tunaweza kuufuta."

"Uufute? Mwanangu, hapo ndipo mahali pekee nilipoandikwa!"

Basi nikamwomba anipishe kiti. Binti akanionyesha ilipo nukta-mkato, nikaandika chini ya maneno ya mume wangu kwa kidole kimoja, herufi moja moja: *Nimemwambia mimi, mke wake.* Kwenye tangazo la kuwapelekea wale wa ubao, nikamwambia binti aandike kwamba kazi ile ni ya watu wawili, na sehemu ya kupanga maneno ni ya Waya peke yake.

Waya alilisoma tangazo, akaongeza koma mahali, akabonyeza mwenyewe. Msimbo ukatoka wote, na pabovu pake.

"Umemsamehe?" nikamuuliza.

"Niache nimkasirikie kidogo kwanza, shemeji. Miaka yote hii sikujua, sikupata nafasi."

"Kasirika," nikamwambia. "Haki yako."

Chai aliinywa nusu. Sikumsihi amalize.