Dawa ya Saa Tatu

Mume wangu alikuwa kinyozi, na alizoea kulishwa habari kutwa nzima. Mtu anakaa kitini, anafungwa shuka shingoni, na kabla mkasi haujagusa nywele keshaanza kueleza ya nyumbani kwake. Saratani iliposhuka mifupani akafunga duka, akawa wa kulala chumbani kutazama dari. Alilolalamikia kwanza halikuwa mgongo, lilikuwa ukimya.

Safari za hospitali zilimmaliza. Kila tuta la barabarani lilimtoa machozi, na tukifika tunapanga foleni mbele ya dirisha la dawa mpaka miguu inavimba. Basi hospitali ikamwingiza kwenye utaratibu mpya. Kila mwezi mfamasia anampigia simu ya video, anamuuliza hali, anashauriana na daktari, kisha dawa zinaletwa nyumbani kwa pikipiki, kwenye mfuko uliofungwa. Mleta dawa hauachii huo mfuko mpaka umtajie namba ya siri iliyotumwa kwenye simu yako.

Mfamasia mwenyewe alikuwa binti mwenye miwani mikubwa na sauti ya taratibu. Siku ya simu yake, mume wangu alinyoa ndevu na kuvaa shati la kola. Chini alibaki na shuka, maana kamera haikufika huko.

"Unajipamba kwa ajili ya nani?" nilimuuliza.

"Mke mwenzio anapiga leo."

"Katoto kale ndiko mke mwenzangu?"

"Kadogo kwa umri, kwa cheo kamekupita. Wewe umewahi kuniuliza nimekwenda choo mara ngapi?"

Katika simu hizo kazi yangu ilikuwa kusogeza chupa na pakiti mbele ya kamera, moja moja, nikiinamisha chupa ili binti aone dawa iliyobaki. Tukimaliza alisema, "Sasa mama, naomba utupishe kidogo." Ndivyo wanavyofanya kwa kila mgonjwa. Anapewa dakika zake peke yake, asije akawa na jambo analoogopa kulisema mbele ya watu wa nyumbani. Mimi nilikwenda jikoni na kugonganisha sufuria, wajue kwamba sisikilizi.

"Mlikuwa mnasema nini?" niliuliza nikirudi.

"Mambo ya ndoa. Na wewe sufuria hizo utazitoboa."

Dawa kali ya maumivu, ile ya maji, ndiyo iliyomlaza. Ya jioni aliinywa saa kumi, na haikuchukua muda kope zikamwangukia. Mimi nashona mapazia kwenye karakana moja mjini, narudi jua limezama. Kwa hiyo nilimkuta amelala, nikala peke yangu, na asubuhi nikaondoka.

Kisha mwezi mmoja mfuko ulikuja na maelekezo mapya. Dawa ya jioni ilisogezwa kutoka saa kumi hadi saa tatu usiku.

Tangu hapo nikawa namkuta macho, ameegemea mito, shati limelowa jasho. "Haya," angesema, "leo Bi Sentimita kafanya nini?"

Bi Sentimita ndiye mwenye karakana. Tulimpa jina hilo kwa sababu utepe wa kupimia haumtoki shingoni, hata harusini alikwenda nao. Wakati huo alikuwa anavutana na mteja mmoja, bwana wa makamo aliyefiwa na mkewe, aliyerudisha mapazia akidai ni mafupi. Bi Sentimita akamjibu kwamba mapazia hayajapungua, ukuta wake ndio umerefuka. Mume wangu alicheka akijishika mbavu. Yule mteja akayarudisha tena, na tena, kila mara na kasoro mpya.

"Huyo hana shida na mapazia," mume wangu alisema. "Alivaa nini?"

"Shati limepigwa pasi, mistari imesimama."

"Si nilikwambia?"

Lakini huku akicheka, mkono wake ulishika ubao wa kitanda mpaka vidole vikapauka. Kuna jioni nilinyamaza katikati ya sentensi kwa kumwonea huruma.

"Unywe dawa basi."

"Saa bado."

"Nani kasema?"

"Mke mwenzio. Usinigombanishe naye. Endelea, mteja akajibuje?"

Nikaendelea, na moyoni nikamchukia yule binti. Nilimwona ameketi kwenye kiti chake huko, anasogeza saa za maumivu ya mtu kama anayesogeza kikombe mezani. Niliapa kwamba ipo siku atanieleza.

Siku ya mwisho nilirudi na habari ya Bi Sentimita ambayo nilikuwa nimeibeba njia nzima nikitabasamu peke yangu. Nikamkuta amesinzia, safari hii si kwa dawa, ni kwa kuishiwa nguvu. Nikasema nitamwambia kesho. Alfajiri alifariki, mkono wake ndani ya wangu.

Wageni wa msiba walipokwisha kutawanyika, binti akapiga. Dawa kali ikibaki lazima irudi hospitali, na mleta dawa alikuwa njiani kuichukua.

"Mama, pole sana. Sote hapa tumesikitika."

"Asante. Ila kabla ya habari za chupa, nina swali. Mume wangu alikukosea nini?"

"Sijakuelewa, mama."

"Uliisogeza dawa yake. Kila jioni nilikaa hapa nikimwona anavyoteseka, na chupa iko karibu naye, eti mfamasia kasema saa tatu."

Alivua miwani, akakaa nayo mkononi.

"Mama, ratiba ile aliitaka yeye."

Niligeuka kuitazama chupa.

"Alisema dawa inamnyang'anya jioni, na jioni ndiyo saa yako ya kurudi. Nilimwambia atapata maumivu makali. Akasema hayo anayaweza, asiloliweza ni kukungoja siku nzima kisha akakukosa. Daktari naye aliongea naye. Wakakubaliana kwamba siku yakimshinda anywe kidogo cha ziada mapema, asimngoje mtu."

"Hakunywa mapema hata siku moja."

"Najua. Ulipokuwa unainamisha chupa nilikuwa naona ya ziada haijaguswa. Kila mwezi nilimsihi tuirudishe saa kumi, akakataa. Akaniomba nisikwambie, kwa sababu ungeacha kusimulia ukamnywesha dawa."

Ni kweli. Ningefanya hivyo siku ile ile.

"Sasa mbona unaniambia?"

"Alisema akishaondoka, ukiuliza nikujibu. Usipouliza ninyamaze."

Nilikitazama kitanda. Nikakumbuka jioni nilizorudi nimechoka, nikasema leo hakuna jipya kazini, nikajinyoosha. Naye akabaki macho na maumivu yake hadi saa tatu.

Binti alikuwa anajifuta macho kwa mkono wa koti lake jeupe. Nikatamani kumkumbatia, na nilichoweza ni kuisogeza simu karibu.

"Mama, samahani kwa kuuliza," alisema. "Alikuwa ananisimulia. Yule mteja wa mapazia, mwisho ikawaje? Mara ya mwisho alikuwa amerudisha la sebuleni."

Kumbe ndiyo yalikuwa mambo yao ya ndoa.

Nikahamia upande wa kitanda aliokuwa akilala mume wangu, nikaegemeza simu kwenye chupa kama alivyokuwa akifanya yeye. Nikamsimulia pole pole, bila kuruka kitu. Kwamba Bi Sentimita alichoka na kelele, akaenda mwenyewe kwa yule bwana kupima ukuta. Kwamba alikwenda mchana na hakuonekana tena karakanani siku hiyo. Kwamba kesho yake aliingia kazini anaimba kwa sauti ya chini, sote tukanyanyua vichwa kwenye cherehani, na shingoni hakuwa na utepe.

"Kausahau huko?" binti aliuliza.

"Kausahau huko."

Alicheka huku analia. "Mzee alijua."

"Alijua," nikasema.

Pikipiki ikazimwa nje. Mleta dawa akabisha hodi na kuomba namba ya siri. Nilimtajia, nikampa chupa, na simu ikaanguka chali kitandani kwa kukosa cha kuegemea.