Mlango Uliomjua Mama Magesa

Kuingia, mlango ulimkubali mara ya nne. Kutoka, ukamkataa katakata.

Mama Magesa alisimama sebuleni kwake, pale Tinde, na furushi kwapani: kitambaa cheupe, kipande cha sabuni ambacho hakijaguswa maji, na kichupa cha mafuta ya nazi. Akabandika kidole gumba kwenye kioo cheusi cha kitasa. Taa nyekundu. Akakifuta kwenye khanga, akabandika tena. Nyekundu. Mara ya tano yule mwanamke aliyemo ndani ya kitasa akasema maneno yake ya Kiingereza cha puani, kisha kimya. Maana yake alishaijua: ngoja dakika tano.

Dakika tano hakuwa nazo. Nyumba ya pili, ng'ambo ya uzio wa minyaa, Hosiana alikuwa amelazwa kwenye mkeka tangu alfajiri, naye hakuwa wa kuamka tena. Akina mama wa kanisa walishateka maji. Saa tatu wanamwosha, saa nane maziko. Mama Magesa alikuwa amekimbilia nyumbani mara moja tu, kuchukua vitu alivyoviweka sandukuni kwa ajili ya siku hiyo.

Ahadi yao ilikuwa ya zamani. Waliiweka wakiwa wajane wachanga, wakichekecha mchanga wa almasi kule Songwa, jua utosini na watoto mgongoni: atakayetangulia, aliyebaki amwoshe. Juzi tu Hosiana alikuwa ameikumbusha, sauti imekwisha lakini ulimi bado mkali.

"Usije ukaniachia wale wanaoosha maiti huku wanasengenya. Hasa uso wangu. Uso uoshe wewe."

"Nitakuosha mpaka nyuma ya masikio," Mama Magesa alimjibu. "Maana hapo hujawahi kupafikia."

Wakacheka, wakasali, wakacheka tena.

Mlango huo ulikuwa zawadi ya Magesa, mwanawe wa pekee, mwenye duka la simu Katoro, kule Geita kwenye dhahabu. Kuuza simu ilikuwa kazi yake. Ugonjwa wake ulikuwa vitu vipya. Kila wiki alifungua kasha moja mbele ya kamera na kuwaeleza watu wa mtandaoni: saa inayohesabu mapigo ya moyo, ufagio unaojitembeza wenyewe, taa inayowaka ukipiga makofi. Maelfu walimfuata. Basi wezi walipobeba redio ya mama yake, Magesa alikuja na mlango wa chuma wenye kitasa cha kidole. Kidole kwa nje, kidole kwa ndani, kwa sababu alisoma mahali kwamba mwizi huingilia dirishani akatokea mlangoni. Mlango wa uani akauziba kwa tofali. Madirisha akayatia nondo. Kitasa cha namba hakukitaka, namba watu huchungulia. Ufunguo wa akiba akakaa nao mwenyewe Katoro, uwe salama.

Kisha akaitoa simu yake, akamrekodi. "Mama, waambie watu unauonaje."

Mama Magesa akabandika kidole, taa ya kijani ikawaka, kitasa kikalia kama kifaranga. Akasema, "Huu mlango unanijua kuliko mkwe wangu."

Watu waliipenda hiyo sana. Mkwe peke yake hakucheka.

Lakini kidole alichokisajili Magesa kilikuwa cha mtu mwingine, ukitazama vizuri. Mama yake alikuwa ndiyo kwanza ametoka Katoro, alikokaa mwezi mzima bila kuruhusiwa kuosha hata kikombe. Vidole vililainika, mistari ikajitokeza kama ya mwanafunzi. Aliporudi Tinde akarudia jembe, akabangua karanga, akasugua masufuria kwa mchanga na majivu. Mistari ikaenda zake. Tangu Songwa vilikuwa hivyo, vimeliwa na mchanga. Hata siku ya kusajili laini ya simu, yule wakala alimshika kidole mpaka wote wawili wakatoka jasho.

Wiki mbili sasa mlango ulikuwa ukisuasua. Mara ya pili unakubali, mara ya tatu, mara ya nne. Hakumwambia mwanawe. Angemwambiaje, na watu wote wale walishamwona akiusifu? Tena alijua jibu: mama, acha shamba. Akawa anapaka samli kidoleni, anasema Baba Yetu, anabandika.

Sasa alipaka mafuta ya nazi. Nyekundu. Akachovya kidole kwenye maji ya uvuguvugu ya chupa ya chai. Nyekundu. Akapiga magoti kwenye saruji, akamaliza sala yake yote bila kuikatisha, akainuka. Nyekundu, na yule mwanamke akasema maneno yake.

Akapiga simu Katoro.

"Shikamoo mama. Poleni na msiba."

"Marahaba. Magesa, mlango haunitoi."

"Haukutoi kivipi? Futa kidole."

"Nimefuta mpaka kinauma."

"Basi nakufungulia mimi kutoka huku, nipe sekunde." Mama Magesa akautazama mlango kama mtu anayemtazama mbwa. "Mama, umeme upo?"

"Ulikatika tangu alfajiri."

Akamsikia mwanawe akishusha pumzi. Kitasa kilikuwa na betri zake, hakikujali umeme. Lakini kile kisanduku cha intaneti kilichokuwa juu ya kabati, ambacho ndicho kilichomfikisha Magesa nyumbani kwa mama yake, kilikuwa kimezimika.

"Naleta ufunguo. Nawasha gari sasa hivi."

"Kutoka Katoro? Utafika wameshazika."

"Mama, wengine si wapo wa kumwosha?"

Aliiweka simu juu ya meza, akaacha iseme "halo, halo" peke yake mpaka ikachoka.

Dirishani alitokea Martina, katibu wa akina mama wa kanisa, khanga kiunoni, mikono imelowa.

"Mayu, maji yanapoa! Umelala?"

"Nimefungiwa."

"Na nani?"

"Na mlango."

Martina aliangalia mlango, akaangalia nondo, akashika mdomo. "Ule unaokujua kuliko mkweo?"

"Martina, si leo."

Martina akakimbia, akarudi na Nkwabi, shemeji wa marehemu, mzee mwenye mwili wa kubeba magunia, na mtaimbo begani. "Kaa kando, Mama Magesa," akasema, akautia mtaimbo penye kitasa, akakandamiza mara moja.

Mlango ukapiga mayowe. Si king'ora cha kawaida: sauti ya kupasua kichwa, isiyovuta pumzi. Kuku wakaruka ukuta. Waombolezaji wakatoka mbio uwanja wa pili wakidhani amekufa mwingine. Simu ikaita: Magesa alikuwa anapiga tena, akausikia mlango, akapiga kelele kushindana nao.

"Nani anaupiga? Mwambieni aache! Ukipigwa unajua ni mwizi, unajifunga kwa saa nne nzima, hata kidole kizuri haukisomi!"

Nkwabi akashusha mtaimbo taratibu, kama mtu aliyekutwa.

King'ora kilipokata, Mama Magesa alikuwa amekaa kwenye kiti, furushi mapajani. Chumba kilikuwa kidogo kuliko jana. Alihesabu nondo za dirisha, saba za kusimama. Alivitazama vidole vyake kumi na kuona aibu, kisha hasira, kisha akaona ni vidole tu. Vilikuwa vimelea mtoto. Vilikuwa vimezika mume. Na leo kitasa kilikuwa kinataka visiwe vimefanya lolote kati ya hayo.

Akaenda dirishani.

"Martina, nendeni mkamwoshe. Mwosheni mwili, mmvalishe. Uso muuache."

"Tuuache vipi?"

"Muuache. Njia ya kwenda kanisani si inapita hapa?"

Martina alielewa kabla hajamaliza. Aliyekuwa hataki ni Nkwabi. "Maiti hutoka kwao ikaenda kanisani. Haipitishwi kwa majirani kama inaaga. Kwetu hakuna hiyo."

"Shemeji," Mama Magesa akamwambia kutoka nyuma ya nondo, bila kupandisha sauti, "ungenitoa mlangoni ningekuja mwenyewe. Umejaribu, nimeona, wabeja, asante. Sasa nisaidie la pili. Hosiana aliniomba jambo moja tu, na mimi sina miguu leo. Nina mikono."

Nkwabi alitazama chini, akausukuma mtaimbo kwa ncha ya kiatu. "Ukimwosha usichukue muda mrefu," akasema mwishowe. "Padri ana maziko mengine Kituli."

Saa sita walimleta. Jeneza likawekwa juu ya mabenchi mawili chini ya dirisha, likafunuliwa upande wa kichwa. Akina mama wakatanda khanga pande zote, wakazishika juu kwa mikono yao, wakaufanya uwanja ule chumba. Wanaume wakapewa migongo. Martina akanyanyua beseni mpaka usawa wa nondo.

Mama Magesa alipitisha mikono, mmoja katikati ya nondo ya pili na ya tatu, mwingine ya nne na ya tano, mpaka mabega yakakwama na paji la uso wake likagusa chuma. Akailowesha sabuni. Akaanzia kwenye nyusi. Vidole vile ambavyo havikuwa na mistari vilikuta kovu dogo pale chekeche lilipompiga Hosiana, mwaka ule wa njaa, vikalizunguka. Macho. Pua. Mashavu yaliyokuwa yamebonyea. Nyuma ya masikio akasugua kidogo.

"Nilikwambia," akamnong'oneza.

Martina alilia mpaka beseni likatikisika. Mama Magesa alikausha uso kwa kitambaa cheupe, akaupaka mafuta ya nazi, akachora msalaba kwenye paji, akaondoa mikono. Nondo zilikuwa zimemwachia alama nyekundu mabegani. Jeneza likafunikwa, wimbo ukaanza, ukaenda ukipungua mpaka akabaki na saa ya ukutani.

Saa saba na robo umeme ukarudi. Kisanduku juu ya kabati kikafumbua vijitaa vyake kimoja kimoja. Kitasa kikalia kama kifaranga, na mlango ukaachia wenyewe, upana wa kiganja. Hewa ikaingia.

Simu ikaita. "Mama! Umefunguka? Nimeuzima ule ulinzi, nimeufungua kutoka hapa Kahama!"

"Nimeuona."

Hakukimbia. Alikwenda jikoni akalikumbatia jiwe la kusagia la mama mkwe wake, akalibeba tumboni kama mtoto, akaliweka kizingitini, kati ya mlango na fremu. Akaupima mlango kwa goti. Haukwenda popote. Akachukua khanga na rozari, akashika njia ya makaburini.

Alikuwa amefika nyumba ya tatu simu ilipoita tena.

"Mama, simu yangu inanipigia kelele. Inasema mlango uko wazi."

"Uko wazi."

"Ufunge basi, wataiba."

"Magesa, nawahi kutupa udongo."

"Sasa itaendelea kulia hivi hivi?"

"Iache ilie," Mama Magesa akasema. "Ukifika, usiguse jiwe."