Mwanzilishi Aliyebebwa Mgongoni

"Soma tena," Godelieve alisema, na Nadège, mke wa mwanawe, akasoma tena kwenye simu: Kanisa la Kisima cha Neema lilianzishwa mjini Baraka mwaka 1994 na mchungaji Casimir Niyongabo.

Mama mkwe akaacha kuchambua mchicha wake wa lengalenga. "Casimir? Mwaka ile alikuwa ku mugongo yangu, ananikojolea!"

Na hakuwa anatia chumvi. Godelieve alikimbia Burundi na mtoto mgongoni, akavuka ziwa hadi Baraka, akawakusanya wanawake wenzake kando ya ziwa, pale wanapoanika dagaa, wakasali. Wanaume wakaja kuwafukuza, eti Neno halishikwi na mvaa kitenge. Hakuondoka. Alibatiza watu ziwani kwa mikono yake, wakiwemo baadhi ya hao waliokuja kumfukuza. Huku kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, basi watu wakazoea kusema kanisa la Mama Casimir. Msomi mmoja wa mbali, asiyejua hata njia ya kufika Baraka, alipoandika ukurasa kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, alisikia jina hilo, akaliona neno "Mama" kama pambo tu, akalitupa. Casimir, mume wa Nadège, ambaye siku hizi ndiye mchungaji, aliliona kosa akanyamaza. Sifa za bure zilimnogea.

Nadège alikuwa amesahihisha, na wahariri wakayarudisha maneno ya zamani: leta ushahidi uliochapishwa. Ushahidi gani? Walioyaona hawakuchapishwa popote. Walikuwa wanakaa benchi la mbele kanisani na magoti yao mabovu. Lakini Jumapili iliyokuwa inakuja ilikuwa yubilei ya miaka thelathini, na redio ya mjini ingekuja kumhoji Casimir, kisha iyaweke maneno yake kwenye tovuti. Akisema yeye ndiye mwanzilishi, uongo umepata ushahidi wake, na nani tena ataung'oa?

"Wewe njo utasema ile siku ku redio," Godelieve alimwambia. "Mi nikisema, batasema mama muzee anajisifu, anagombania kiti na mutoto yake."

Nadège akainamisha kichwa. Kwao Warundi, mke wa mtu hatamki jina la mama mkwe wake. Tangu aolewe hakuwahi kulitamka. Hata hospitalini alipoulizwa, aliomba kalamu akaliandika.

"Mama, jina yako siwezi kuitaja."

"Basi adabu yako njo itanizika."

Maneno hayo yalimuuma Nadège wiki nzima.

Jumapili ikafika, kanisa likajaa mpaka madirishani. Baada ya nyimbo, Émilienne, mtangazaji wa redio, akasogeza kipaza sauti. "Pasta, nani alianzisha hii kanisa?"

Casimir akaweka tai yake sawa. "Mungu alinitumia miye, mutumishi wake..."

Nadège alitoka kwenye safu ya kwaya. Hasira ilimsukuma. "Alikutumia ukiwa na meno ngapi, Baba Merveille?" Watu wakaguna: alimwita mumewe kwa jina la mtoto wao, kama wako nyumbani. "Ile mwaka ulikuwa mutoto wa kunyonya. Hii kanisa ilianzishwa na Godelieve Nizigiyimana. Yeye njo alihubiri, yeye njo alibatiza. Godelieve Nizigiyimana!"

Wanawake kadhaa walijishika midomo. Mke wa mtu ametaja jina la mama mkwe, tena kwenye redio! Nadège alitamani ardhi ipasuke, lakini hakurudi nyuma hata hatua moja. Kisha bibi Adolphine, wa benchi la mbele, akajikongoja mpaka akasimama. "Anasema kweli. Mi alinibatiza ku ziwa, na baridi ya ile mayi ningali naisikia." Mwingine akasimama, na wengine wakafuata. Émilienne hakuwa mjinga. Kipaza sauti kilimwacha pasta kikawaendea wao.

Redio ilipoyaweka mahojiano kwenye tovuti, Nadège aliusahihisha ukurasa na kuambatisha ushahidi. Safari hii sahihisho lilikaa. Casimir aliingia nyumbani mishipa ya shingo imemtoka.

"Toa ile kitu! Umenipatisha haya mbele ya kanisa nzima!"

Nadège akamnyooshea simu. "Toa weye. Bonyeza hapa. Lakini ukifuta kitu, kuko nafasi ya kuandika sababu, na dunia yote inaisoma. Andika basi: mama yangu hakuanzisha kanisa."

Casimir aliipokea simu. Kidole chake kikabaki hewani. Mama yake alikuwa ameketi palepale kwenye kigoda, anamtazama bila kupepesa macho.

"Andika, pasta," Godelieve alisema. "Nadège atanisomea."